Herufi Nne Kwenye Fimbo ya Mwandu

Kama ulipita mnada wa ng'ombe Mpanda mwaka ule mvua zilipochelewa, lazima ulimwona. Mzee mrefu, koti la mvua mwilini hata jua likiwaka, fimbo kwapani, na mikononi kamusi nene ya Kiingereza iliyojaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Anasoma amesimama. Wachungaji wenzake wamekaa kivulini wanakunywa chai, yeye yuko wima juani anafunua kurasa. Ukimwambia, "Mzee, kaa basi, gogo hilo hapo," anakujibu kwa upole kwamba hawezi kukaa, kuna kitu anatafuta. Watoto wa mtaa wa Nsemulwa walimwita Profesa. Walimfuata njiani wakipiga kelele, "Profesa, gudi moningi!" naye hakuwajibu, maana Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji ya kunywa.

Haya, cheka. Mji mzima ulicheka. Lakini umjue kwanza huyo mtu ni nani, halafu uone kama kicheko kitaendelea.

Jina lake Mwandu. Alizaliwa Meatu, Usukumani, akaja huku kusini na ng'ombe wa baba yake wakifuata majani, Tabora wakaipita, mpaka wakafika Mpimbwe, wakajenga Kasansa. Huko akamwoa Esteria, binti wa Kimpimbwe wa Kibaoni, mtoto wa wakulima wa mpunga na mahindi. Esteria alikuwa hodari wa jembe kuliko wanaume wengi, lakini mambo ya zizini hayakumwingia kichwani hata kidogo. Kwake ng'ombe ni ng'ombe. Mumewe alimtania kwamba hata akiletewa punda mwenye pembe atamkamua, naye alimjibu, "Mradi atoe maziwa."

Walizaa mara nyingi, wakazika mara nyingi. Watoto walikuwa wanashikwa na homa, wanalia viungo, macho yanakuwa ya manjano, halafu wanaondoka. Watu wakasema yao, kama unavyowajua watu. Ni mpaka alipozaliwa Mariana, wa mwisho, akapimwa damu Mpanda, ndipo daktari akawaambia ni sikoseli, na kwamba wote wawili, baba na mama, walikuwa wanaibeba bila kujua. Mwandu alitoka nje akaegemea ukuta wa hospitali. Aliwakumbuka wote waliotangulia, mmoja mmoja, na akaona aibu kwamba aliwahi kumsikiliza shangazi yake alipomtupia lawama Esteria.

Basi akaamua kwamba huyu haondoki. Alisema hivyo kwa mdomo wake, tena mbele ya mkewe: "Huyu haondoki." Kila maumivu yalipomkamata mtoto, ng'ombe mmoja alitoka zizini. Sasa Mwandu hakuwahi kuhesabu ng'ombe maisha yake yote. Kwao kuhesabu mifugo kwa kidole ni kuiitia balaa. Yeye alisimama langoni jioni, wakaingia, akawatazama wote kwa pamoja, na kama mmoja hayupo, macho yake yalimwambia pale pale: yule mwenye doa shavuni hajaingia. Kwa hiyo hakujua ni wangapi waliouzwa kwa ajili ya Mariana. Alijua tu nani hayupo. Na mwishowe, walipobaki wachache wa kumwachia ndugu yake Makoye awachunge, akamchukua mkewe na mtoto, wakahamia Nsemulwa wakapanga chumba, ili wawe karibu na hospitali na karibu na shule ya sekondari. Yeye akapata kibarua mnadani, kuchunga ng'ombe wanaosubiri kuuzwa, mali ya wafanyabiashara.

Mariana alipoingia kidato cha kwanza, Kiingereza kilimpiga kama kinavyowapiga wote. Umesoma miaka yote kwa Kiswahili, halafu siku moja mwalimu anaingia anaongea vitu vingine kabisa. Lakini bahati yake alipata mwalimu mzuri, Madam Donatille, mwanamke mfupi mcheshi, mtoto wa Warundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, ambaye naye alikipata Kiingereza kwa taabu na hakusahau ile taabu. Madam aliwapa mchezo. Anaandika herufi ubaoni, tatu au nne, kisha anasema: nitafutieni neno la Kiingereza lenye hizi zote ndani yake, zikae popote zinapotaka. Darasa zima linaingia kwenye kamusi. Mariana aliupenda ule mchezo mpaka akawa anaota maneno.

Akilazwa, alikwenda nao wodini. Shida ni kwamba maumivu yakimshika mikononi hakuweza kushika kamusi. Akamgeukia baba yake.

"Baba, nishikie hiki kitabu. Nitafutie neno lenye C, T na L."

"Mayu, mimi nisome wapi?" Mwandu alimwita binti yake mayu, mama, kama Wasukuma wanavyowaita mabinti zao. "Mimi darasa nililiona kwa nje."

"Hii unaijua?" Akamwonyesha herufi kwa kidevu.

"Hiyo si chapa ya ng'ombe wa mzee Masunga?"

Ilikuwa M. Mariana alicheka mpaka nesi akageuka kutazama. Wakaendelea. Hii? Hiyo ipo kwenye paja la wale ng'ombe wa Tabora. Na hii? Hiyo ya yule bwana aliyetudhulumu dume. Kumbe Mwandu herufi alizijua karibu zote, si kwa majina, bali kwa mapaja ya ng'ombe, maana amezitazama tangu utoto zikiwa zimechomwa kwa chuma cha moto. Aliyoikosa ni moja tu, Q. Ng'ombe mwenye chapa hiyo hajawahi kukutana naye. Mariana akamfundisha kwamba hiyo ni O yenye mkia.

Akafunua ukurasa, maneno yamepigwa chapa kwa herufi kubwa. Hakusoma kama wewe na mimi tunavyosoma, kutoka huku kwenda kule. Alilitazama kila neno zima kwa pamoja, kama anavyotazama ng'ombe langoni, macho yakamwambia nani hayupo. Hili halina ile ya Tabora. Hili halina ndefu. Akapita, akapita, halafu kidole kikasimama.

"Hapa wameingia wote."

Mariana akainua kichwa. Neno lilikuwa *cattle*.

"Baba! Unajua maana yake?"

"Nitajuaje?"

"Ng'ombe. Hao ni ng'ombe, baba."

Mwandu aliinamia ule ukurasa akautazama kwa muda mrefu. "Yaani nao wapo humu?" akauliza. Alifurahi, we acha tu. Siku ile hakuondoka wodini mpaka alipofukuzwa na mlinzi, na kesho yake alifika mapema akiwa amenunua ile karatasi ya mfuko wa saruji, akaijaladia kamusi kwa mikono yake ili isichakae. Toka hapo ikawa ndiyo dawa yao. Maumivu yakianza kupanda, Mariana anataja herufi, baba anafunua kurasa. Analitafuta, akilipata mtoto anamwambia maana, na katikati ya hapo saa zinakuwa zimekwenda na dawa ya nesi imeshafanya kazi. Esteria alikuwa akiwakuta hivyo vichwa vimegusana, anatua bakuli la uji, anasema, "Nyie na hicho kitabu chenu," na moyoni anamshukuru Mungu.

Mchana mmoja, Esteria ameenda bombani kufua, Mariana alimwuliza baba yake habari za bibi yake, mama yake Mwandu, ambaye hakuna aliyekuwa akimtaja nyumbani.

"Alikufa mimi mdogo," Mwandu alisema. "Sikumwona akifa. Nilikuwa natafuta mtamba."

"Mtamba ndiyo nini?"

"Ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Asubuhi babu yangu aliniita nje, akaniambia, mtamba mwekundu kapotea. Katafute. Na usikae kwenye mji wa mtu yeyote mpaka umpate, anayetafuta ng'ombe hakai. Mama alikuwa anaumwa ndani, nilimsikia akikohoa. Nikaondoka mbio. Nilizunguka kutwa nzima, mayu. Kila mji niliofika wananiambia kaa unywe maziwa, nakataa, naegemea fimbo, nauliza mtamba, naondoka. Narudi nyumbani jua limelala, naona watu wamejaa uani. Babu akaja kunipokea langoni. Akaniambia, 'Mtamba kaonekana. Njoo ukae.' Nikatazama zizini. Mtamba alikuwemo. Na macho yangu yakaniambia hakuwa ametoka siku ile."

Mariana akajiinua kwenye mto amtazame vizuri.

"Ndivyo wafugaji wa kwetu walivyofanya," Mwandu akaendelea. "Mtu mwenye uchungu zaidi asitazame roho ikikatika. Anatumwa kumtafuta mnyama ambaye hajapotea. Na yeye halii, hakai, mpaka aambiwe na mwenye nyumba kwamba kaonekana."

"Ulimchukia babu yako?"

"Nilimchukia mpaka nikaota ndevu. Halafu nikaelewa. Ile siku yote mimi sikuwa yatima. Nilikuwa mchungaji tu, natafuta ng'ombe wangu, nina mama nyumbani."

"Na asingekuambia yale maneno?"

Mwandu akacheka kidogo. "Ningekuwa natembea mpaka leo."

Esteria akarudi na beseni la nguo, wakanyamaza. Hayakuwa mazungumzo ya kumsimulia mama ambaye tayari ana mzigo wake.

Baadaye hali ikawa mbaya. Kifua kikambana Mariana, damu ikawa inapungua kila akiongezwa, madaktari wakasema apelekwe Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Ilikubaliwa Esteria aende naye, Mwandu abaki auze ng'ombe waliobaki Kasansa kisha awafuate. Asubuhi stendi, mtoto amekaa kiti cha dirishani amefungwa khanga ya mama yake kifuani, Mwandu kasimama nje ameshika bati la basi kana kwamba anaweza kulizuia lisiondoke. Mariana akamwambia, "Baba, nipe fimbo yako." Akaipitisha dirishani. Mtoto akatoa kalamu ya wino, akaandika taratibu karibu na kishikio, maana vidole vilikuwa vimevimba: J, Q, X, Z.

"Nitafutie neno lenye hizi zote nne."

Mwandu akaipokea akaitazama. "Umenitolea wakaidi watupu."

"Ndiyo ujue uko kazini, baba. Usije Mwanza mpaka ulipate."

"Mayu, mimi nakuja wiki hii hii."

"Hapana." Sasa hakuwa anatania. "Utakuja mikono mitupu? Litafute kwanza. Ulipate ndiyo uje."

Basi likaondoka. Wino unafutika, kila mtu anajua, kwa hiyo Mwandu alikaa, hapana, hakukaa, alisimama pale pale stendi, akatoa kisu na kuchonga zile herufi juu ya wino, zikazama kwenye mti.

Sasa utasema, huyu baba mjinga gani, mtoto yuko mahututi yeye anafunua kamusi? Sema tu. Yeye mwenyewe alijisema kuliko wewe. Lakini tangu wodini, kila alipolipata neno, maumivu ya Mariana yalikuwa yanashuka. Alikuwa ameliona hilo kwa macho, si mara moja. Moyoni alijenga imani ambayo hakumwambia mtu: kwamba akilipata hili, gumu kuliko yote, mtoto atapona. Aliuza ng'ombe, akatuma alichopata, na akabaki na kamusi. Akiwa mnadani, anafunua. Akiwa njiani Nsemulwa, anafunua. Na kwa kuwa alikuwa anatafuta, hakukaa kwenye mji wa mtu. Wala hakujiuliza kwa nini. Miguu ilikumbuka yenyewe.

Alipata mengi yaliyokaribia. Alipata *quiz*, ina O yenye mkia na ina Z, wengine hawamo. Alipata *juxtapose*, akaruka, J yumo, X yumo, halafu macho yakamwambia wale wawili hawajaingia. Siku alipoipata *exquisite* alipiga simu Mwanza.

"Mayu, hii ina Q na X!"

Sauti ya Mariana ilikuja ndogo, ya mbali. "Ni neno zuri sana, baba. Lakini J na Z je?"

"Hawamo."

"Basi hujapata. Endelea."

"Nije tu nikuone, halafu nitaendelea huko huko."

Akasikia mashine inalia, na mtu anakohoa. "Endelea kutafuta, baba," Mariana akasema. "Unatafuta vizuri."

Ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kusikia sauti yake. Simu iliyofuata ilikuwa ya Esteria, na Esteria alilia tu, na Mwandu alisimama katikati ya mnada, ng'ombe wa watu wakitawanyika pande zote, kidole kikiwa bado kwenye ukurasa.

Walimzika Kasansa. Msibani Mwandu aliwaaibisha watu. Wanaume wamekaa kwenye mikeka, baba mwenye mtoto kasimama pembeni na fimbo, kamusi kwapani. Anaambiwa kaa, anatikisa kichwa. Chozi halimtoki. Ndugu wa Esteria kutoka Kibaoni walikasirika, wakasema huyu Msukuma anawadharau, hawezi hata kukalia mkeka wao. Makoye alimvuta mkono, "Kaka, watu wanakutazama." Mwandu akamwambia, "Sijalipata." Makoye hakuwa amewahi kusikia habari za neno wala za kalamu stendi. Alidhani kaka yake amechanganyikiwa, akamwacha.

Wakarudi Nsemulwa kufunga chumba, na hapo ndipo maisha yalipokwama. Esteria alitaka warudi Kibaoni walime, baba yake amewapa shamba. Mwandu alikataa kuondoka. Kutwa yuko mnadani na kamusi, akimaliza Z anarudi A, akiamini aliruka ukurasa. Chakula anakula amesimama mlangoni. Esteria alivumilia, akachoka, akapasuka.

"Baba Mariana, mtoto amekufa! Hata ukilipata hilo neno utampa nani?"

"Alinituma."

"Mimi nipo! Mimi nimebaki, huoni? Nalia peke yangu humu ndani kama mjane na mume ninaye!"

Mwandu alisikia, na yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Lakini alimjibu kitu kimoja tu: "Siwezi kurudi mikono mitupu, Mama Mariana. Nililipata kila alilonituma, hili ndilo nimechelewa. Ningeliwahi..." Hakumaliza. Hilo ndilo lililokuwa linamla: aliamini mtoto alikufa kwa sababu yeye alichelewa kulipata.

Esteria akaanza kufunga vyombo. Akasema Jumamosi anapanda gari la Kibaoni, na yeye akitaka abaki na kitabu chake.

Ijumaa Mwandu akafanya ambalo hakutaka kulifanya, maana kwake lilikuwa sawa na kuiba. Akaenda kwa Madam Donatille kuomba msaada. Alimkuta nje ya nyumba yake anachambua mchele kwenye ungo. Madam akainuka upesi, akampa pole upya, akatoa kigoda.

"Karibu ukae, mzee wangu."

"Nashukuru, Madam. Sikai." Akamnyooshea fimbo. "Mwanafunzi wako aliniachia hizi. Nimemaliza kitabu, nimerudia, sijapata. Nisaidie."

Donatille alizisoma zile herufi zilizochongwa. Uso wake ukabadilika, akaweka ungo chini. "Zote nne? Kwenye neno moja?"

"Zote."

Akatoa simu. Akamweleza kwamba siku hizi kuna mahali kwenye mtandao unaandika herufi, inakuletea maneno yote ya Kiingereza yaliyo nazo. Ili mzee aelewe, akaandika kwanza C, T, L. Maneno yakamwagika, akasogeza kwa kidole, yakazidi kuja, mistari kwa mistari. Mwandu aliliona *cattle* likipita, akalitambua. Kisha Madam akafuta, akaandika zile nne. Simu ikafikiri. Ikaleta ukurasa mweupe.

Mwandu hakuhitaji kusomewa. Alikuwa anatazama zizi tupu.

"Haina mtandao," akasema.

"Inao, mzee."

"Rudia."

Donatille alirudia. Mweupe. Akaonekana anatafuta uongo wa kumpa, akaukosa. "Hakuna, baba yangu. Kiingereza chote hakina neno lenye hizi nne. Hazikai pamoja."

"Labda alikosea. Alikuwa anaumwa."

"Mariana?" Macho ya Madam yalijaa machozi. "Mariana hakuwa wa kukosea mchezo huu. Hata ubaoni niliwaonyesha mwenyewe, hizi ukizichanganya unamtuma mwenzako kitu ambacho hakipo. Walicheka siku ile. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Alijua, mzee. Alijua kabisa kwamba halipo."

Kitu ambacho hakipo. Mwandu alisimama na fimbo yake. Alimwona babu yake uani asubuhi ile, akinyoosha mkono kuelekea porini. Alisikia kikohozi ndani ya nyumba. Halafu akamwona Mariana dirishani, amefungwa khanga, anaandika taratibu kwa vidole vilivyovimba.

"Amenituma mtamba," akasema.

"Nini, mzee?"

Mwandu aliaga kwa heshima, akaondoka. Barabara ya kurudi alitembea bila kufunua kamusi, na watoto waliomwona hawakumwita Profesa, sijui waliona nini usoni kwake.

Esteria alikuwa amepiga magoti chumbani anafunga sufuria kwa kamba kwenye mfuko wa salfeti. Hakuinua kichwa. Mwandu akasimama mlangoni.

"Mama Mariana. Neno halikuwepo."

"Eh, leo ndiyo unajua?"

"Alijua halipo. Alinituma ili nisiende Mwanza. Nisimwone akifa." Akashika mwimo wa mlango. "Mimi ndiye nilimfundisha. Nilimsimulia jinsi babu yangu alivyonituma mtamba siku mama anakufa. Akakitunza kile kisa. Ile miezi yote pale Mwanza alikuwa anakufa, mimi huku nina mtoto. Nilikuwa nina mtoto, Esteria."

Mikono ya Esteria ikaacha ile kamba.

"Umesema mtamba?"

"Ng'ombe jike ambaye hajazaa..."

"Najua mtamba ni nini!" Aliinuka, mkono mdomoni. "Yesu wangu. Yesu wangu, baba Mariana, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Asubuhi ile ya mwisho alinishika mkono. Aliniambia, 'Mama, ukifika nyumbani mwambie baba mtamba kaonekana, aje akae.' Akarudia, 'Usisahau, mama, mtamba kaonekana.' Mimi nilidhani ni homa. Nikasema mtamba gani, na zizi tumelimaliza? Nikaogopa kukuambia. Nilisema moyoni, nikimwambia ataona mtoto alikufa akiwalilia ng'ombe wake, nitamwua na huyu. Nikanyamaza. Nimekaa nalo hapa kifuani siku zote hizi, sikujua ni lako."

Mwandu aliegemea fimbo. Bado alisimama, akimtazama mkewe kama anayesubiri kitu na hawezi kukiomba. Na Esteria, mtoto wa wakulima ambaye ng'ombe kwake ni ng'ombe tu, alikielewa. Akafuta uso kwa upindo wa khanga, akamsogelea, akamtoa fimbo mkononi taratibu.

"Mtamba kaonekana, baba Mariana," akasema. "Njoo ukae."

Mwandu akakaa. Alikaa sakafuni pale pale mlangoni, miguu ameinyoosha mbele, akalia kwa sauti kubwa ambayo hata yeye hakujua anayo. Majirani wakatoka vyumbani, wengine wameacha vyungu jikoni, wakaja mbio wakiulizana nani amekufa. Esteria hakuwakatalia. Aliingia ndani, akafungua mzigo aliokuwa ameufunga, akatoa mkeka, akawatandikia.